Kibaraza Kisichokaliwa

Jirani yangu wa mbele sitamtaja jina. Si kwamba namsitiri. Jina alilopewa ni la mwanamke mwema sana katika dini yetu, na mimi nikianza kumsema huyu sitaki jina lile liwepo karibu. Namwita jirani, basi. Akisoma haya atajijua, ingawa hasomi. Yeye anatazama picha.

Nyumba yake na yangu zinatazamana, hapa hapa Mtwara mjini, njia ya mchanga katikati. Asubuhi nikishamaliza kuswali na kufagia, nikifungua mlango wa mbele, kitu cha kwanza kinachonipiga machoni ni kibaraza chake. Hapo ndipo mtihani wangu wa siku unapoanza.

Ngoja niseme kwanza kibaraza ni nini, maana kuna watu siku hizi hawajui. Kibaraza ni ile saruji iliyoinuliwa mbele ya nyumba, chini ya paa, ubavuni mwa mlango. Ni pa kukaa watu. Mgeni akija kabla hajakaribishwa ndani anakaa pale. Mzee akitoka msikitini magoti yamemchoka anakaa pale, hata kama humjui, na humuulizi. Mchele unachambuliwa pale, nywele zinasukwa pale. Ukifiwa, wanaume wanakaa pale. Ramadhani watu wanafuturu pale. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa wanajenga nyumba ya chumba kimoja cha kulala, lakini kibaraza kirefu.

Cha jirani hakikaliwi. Kinapambwa.

Na kinapambwa kwa msimu. Masika yakiingia, foronya za mito ni za kijani, na ndoo tupu za rangi ya nyumba zimegeuzwa vyungu vya maua. Kipupwe kikija, foronya nyeupe, na kikapu cha ukili kimeegeshwa ukutani hakina kitu ndani. Kiangazi ni rangi ya bahari. Korosho zikianza kuanguka ni nyekundu na njano. Ramadhani inakuja na mwezi wa karatasi na nyota zake. Mimi nilikuwa najua msimu kwa kuangalia mikorosho na kuangalia mwezi wa mbinguni. Siku hizi watoto wangu wanachungulia dirishani wanasema, "Mama, kipupwe kimefika, jirani katoa foronya nyeupe."

Ungedhani basi ni mtu wa kuhangaika, mchapakazi. Thubutu! Hajichoshi hata kidogo, na hilo ndilo analojivunia. Mapambo yote anayatoa kwenye simu. Anakaa kwenye kiti ndani, miguu juu ya stuli, anatazama vibaraza vya watu wa nchi za theluji, halafu ananiita nivuke njia nije nipewe somo.

"Watu mnajitesa bure, Mama Zuhura," ananiambia. "Kupamba si kazi. Unabadilisha kimoja tu. Foronya tu! Mtu akipita anadhani umebadilisha nyumba nzima."

"Na mtu akiingia ndani?"

"Nani kakwambia aingie?"

Na kweli, asiingie. Mimi nimeingia. Dari ya sebuleni inavuja tangu namfahamu, na chini ya tundu kuna beseni. Masika beseni linajaa, linamwagwa, linarudishwa. Nikamwambia siku moja, shoga, nguvu ya kupanga ndoo nje ungeitia kwenye hilo bati. Akanijibu, "Bati nani analiona?" Wakubwa walisema nyumba njema si mlango. Huyu kwake mlango ndio nyumba.

Mimi nilisoma ukubwani. Nilikuwa na watoto tayari, nikawa nakwenda masomo ya jioni, naacha ugali umefunikwa, narudi na chaki kwenye baibui. Nilimaliza, na cheti ninacho. Yeye anaujua huo mlango wa kunichokozea. Nikimkosoa tu anaangua kicheko: "Wewe msomi wa jioni, vitu vya mchana huvioni!" Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nikamwambia heri yangu mimi wa jioni kuliko yule ambaye hajapambazukiwa. Tukakaa wiki nzima hatuazimani chumvi.

Makosa yake ningeyaandika yote pangekucha. Nitasema mawili.

La kwanza ni mchanga. Kiangazi kimoja aliona kwenye simu kibaraza kimetandazwa mchanga mweupe, na ngalawa ndogo ya kuchezea juu yake. Akaagiza mchanga wa pwani ya Msimbati, ukaja kwenye viroba vya salfa ya mikorosho, akaumwaga kibaraza kizima, akaupiga reki mpaka ukawa na mistari. Kweli uling'aa, sitasema uongo. Asubuhi yake paka wa mtaa mzima walikuwa wameshapata habari. Paka wa kwangu, wa muuza duka, wale wasio na kwao, wote walikuwa wanachimba, wanajisaidia, wanafukia, wanakwenda zao. Jirani alitoka na fagio anapiga kelele, na kila aliyepita akawa anamuuliza, "Mama, umefungua choo cha paka?" Mchanga ule ulirudi kwenye viroba, viroba vikatupwa nyuma ya nyumba, na mazoea ya paka wa mtaa huu kuingia uani kwake yakaanzia pale.

La pili ni mabibo. Huku kwetu hata mtoto anajua bibo si pambo. Bibo unalila, unalikamua, au unaliacha chini ya mkorosho liozee huko huko. Yeye msimu wa korosho akaona afadhali ya mabibo halisi kuliko foronya, si yana rangi nzuri, nyekundu na njano, na hayagharimu nguvu. Akayatunga kwenye kamba kama tasbihi, nguzo hadi nguzo. Siku ya kwanza watu walisimama kuangalia. Siku ya pili yakaanza kudondosha maji, ukuta ukapata madoa ambayo mpaka leo yapo. Siku ya tatu jua likayashika, yakachacha. Nani asiyejua harufu ya bibo lililochacha? Nyuki wakaja. Halafu, kabla hata ya adhuhuri, wakaja wanywaji.

Nilikuwa kwangu nachambua mchele, nikawaona wawili wamesimama mbele ya ngazi yake, kofia mkononi, adabu kabisa.

"Hodi wenyewe! Uraka upo?"

Akatoka. "Uraka gani? Hapa hapauzwi pombe!"

"Mama, tumeusikia tangu kule kona. Usitufiche. Sisi tunakunywa taratibu, hatuimbi."

"Nimesema hakuna! Hivi si mnaona? Haya ni mapambo!"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Basi tupimie hayo mapambo."

Nilicheka mpaka nikaomba toba. Nyumba ya Kiislamu, kibaraza kinabishiwa hodi na walevi! Lakini cha ajabu kwa mtu huyu ni kwamba haoni haya kwa muda mrefu. Mwezi uliofuata alikuwa anausimulia mkasa ule kwenye shughuli za watu kana kwamba alikuwa amekusudia, na wanawake wanacheka, na yeye ndiye anayecheka zaidi.

Jambo la Ramadhani sikulicheka.

Zamani, kabla ya hizo foronya, wanaume wa nyumba hizi za karibu walikuwa wanafuturia kwake, kwa sababu kibaraza chake ndicho kirefu. Kila nyumba inatoa sinia lake, huyu mihogo ya nazi, huyu uji, huyu kapata pweza. Mpita njia akikutwa na adhana anaitwa, anakaa, anakula, anaondoka, na pengine hakuna aliyemuuliza jina. Ramadhani ile alipotandika zulia jipya, akatundika na taa za rangi zinazowaka na kuzima, zimeandika Ramadhani Karimu, alinifuata kwangu alasiri.

"Mama Zuhura, wanaume mwaka huu wafuturie kwako."

"Kuna nini kwako?"

"Zulia jipya, shoga, na uji unamwagika. Kwako ni saruji tupu, haina cha kuharibika."

Saruji tupu! Basi wakaja kwangu, na Alhamdulillahi, baraka zile zilivuka njia zikaja na watu wake. Lakini kila magharibi nilikuwa namimina uji huku naziangalia taa zile ng'ambo zinawaka na kuzima. Karimu, giza. Karimu, giza. Karimu gani, na tende haijatua pale hata punje? Mumewe mwenyewe, siku alizokuwepo, alikuwa anavuka njia kuja kufuturu kwangu, amebeba sinia la nyumbani kwake, kichwa ameinamisha.

Sasa, haki ya mtu ni haki ya mtu, na Mungu ataniuliza. Zuhura wangu alipougua, akalazwa hospitali, huyu huyu ndiye aliyekuja kukaa na mimi. Alikaa siku nzima. Mabenchi yalikuwa yamejaa, akaketi chini, kwenye sakafu ya korido, na gauni lake zuri, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani, watu wanamruka. Akawa ananisimulia upuuzi wake wa kwenye simu nisipate nafasi ya kulia. Sakafuni! Mwanamke ambaye kwake mgeni anaonyeshwa mto kwa kidole asiukalie. Nimelifikiria jambo lile miaka yote na sijui niliweke wapi. Nimeliacha lilivyo.

Ila hilo la mama mkwe wake halifutiki kwa korido.

Mumewe ni mfanyabiashara wa Kilambo, anavusha bidhaa mtoni kwenda na kurudi Msumbiji, nyumbani anaonekana kwa nadra. Mama yake alikuwa anaishi shambani, Mpapura. Bibi huyu macho yalianza kufifia taratibu, na yalipozima kabisa, hawezi tena kutofautisha muhogo na magugu, mwanawe akamleta mjini, akamkabidhi kwa mkewe, akarudi Kilambo.

Bibi ni wa zamani hasa. Uso wake una nembo, zile chale za mistari kwenye paji na mashavu, walizochanjwa wasichana wa enzi yake. Anavuta ugoro. Mkeka yeye anauita nkeka, mtu anamwita ntu, na hana habari kama kuna anayecheka. Alipofika tu aliulizia kibaraza kiko wapi, akapapasa ukuta mpaka karibu na mlango, akatandika nkeka wake, akakaa. Kwa wiki chache zile, mtaa wetu ulipata mwenyewe. Kila mtu alikuwa anapita kwa bibi.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Wewe ndiye unayeburuta kandambili. Mama yako goti limepona?"

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Jana hukupita. Ulikuwa wapi?"

Aliwajua kwa miguu, kwa kikohozi, kwa mlio wa baiskeli. Ukiwa na macho, salamu ni adabu tu, unaitika huku unaendelea na yako. Kwa bibi ilikuwa ndiyo nuru ya siku. Kwa salamu alijua kumekucha, alijua ni Ijumaa, alijua nani kasafiri na nani kagombana na nani.

Kisha msimu ukabadilika, foronya za bahari zikatoka, na asubuhi moja nikafungua mlango, bibi hayupo.

Nilidhani anaumwa. Nikavuka, nikapitia uani. Nilimkuta nyuma ya jiko, kwenye kigoda, karibu na banda la kuku, uso umeelekea ukuta wa tofali. Mkono umelala pajani, kikopo cha ugoro hakijafunguliwa.

"Nani?"

"Mimi, Mama Zuhura wa mbele."

Halafu akaniuliza, "Watu wamehama?"

"Hawajahama, bibi. Wapo wote."

"Mbona siwasikii?"

Nikaingia ndani moja kwa moja, nikamkuta jirani anapiga pasi foronya.

"Kwa nini bibi umemweka kwa kuku?"

"Uani kuna upepo."

"Upepo wa kuku? Mrudishe mbele."

"Mama Zuhura, nisikilize basi. Ule ugoro anatema. Ule mkeka wake umechakaa, kila nikiupanga anauvuta. Mimi nikipiga picha kibaraza changu yumo katikati, na ule uso..."

"Uso una nini?"

"Si unaujua."

"Siujui. Niambie."

Akageuza foronya upande wa pili, akaendelea kupiga pasi. "Watu watadhani tumetoka porini."

Nikamwambia, "Huo uso ndio uliomzaa huyo anayekununulia pasi." Nikatoka, maana ningekaa pale ningesema maneno ambayo swala haiyafuti.

Bibi akaanza kuisha. Silisemi kwa kukuza. Chakula akawa anarudisha. Akawa anauliza saa mbili asubuhi kama ni usiku. Akilala mchana, usiku anaamka kusema na watu wa Mpapura waliokufa zamani. Jirani alikuwa anampikia, anamwogesha, anambadilisha nguo, kwa hayo simdai. Lakini mtu hafi kwa njaa tu. Nilimwona yule mama anazimika kama jiko lililosahauliwa, na dawa yake iko hatua chache kutoka pale alipokaa, upande wa pili wa nyumba, imetandikwa mito isiyokaliwa.

Nikaenda mara ya pili. Safari hii nilikwenda na baba Zuhura, nisije nikapandisha sauti. Nikasema, "Nipe bibi awe anashinda kwangu."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye akakubali papo hapo, kwa furaha, kama mtu aliyepata pa kupeleka kiti kibovu. "Ungesema mapema, shoga! Nitakuwa nakuletea chakula chake."

Basi kila asubuhi nikawa namvusha njia, mkono begani kwangu, mpaka kwenye saruji yangu tupu. Siku ya kwanza akakaa tu, kichwa ameinamisha, kama anayesikiliza nyumba ya mbali. Akapita yule wa kandambili. Hakuamini macho yake.

"Bibi! Kumbe upo! Shikamoo!"

"Marahaba," akasema, na sauti ikamkatika. "Nipo. Nilikuwa nyuma."

Mchana ule akala. Jioni akafungua ugoro wake. Baada ya siku chache alikuwa anagombana na muuza samaki kuhusu samaki wa jana, na anawafundisha watoto wangu kusuka ukili, na mimi nikawa nafagia kulizunguka duara la ugoro pale chini, nasema Alhamdulillahi. Na jirani ng'ambo anapiga picha kibaraza chake, akisogea huku na huku ili sisi tusitokee nyuma.

Hivyo tukaenda mpaka karibu na Idd. Siku hiyo jirani alivuka njia, kitu ambacho huwa hafanyi ila akiwa na shida, yeye huwa anaita. Amejifunga kanga vizuri, sauti imelainika.

"Mama Zuhura, nimekuja kumchukua mama."

"Umpeleke wapi?"

"Si nyumbani? Baba watoto anakuja Idd. Atasemaje akimkuta mama yake kwenye kibaraza cha watu?"

"Atasema kweli."

"Mwenzangu, nisitiri. Akishaondoka nakurudishia."

Bibi alikuwa pembeni yangu anasikia yote. Akacheka kidogo puani. "Mimi si kinu," akasema, "mniazime mtwange, mnirudishe nina makapi."

Jirani akapiga magoti pale pale mchangani. Nililitazama goti lile, nikasema moyoni, linampigia nani? "Mama, nisamehe. Turudi nyumbani."

Mimi nilitaka aseme hapana. Nilikuwa nimeshaitayarisha hiyo hapana kama ni yangu. Bibi akasugua vidole. Halafu akasema, "Ni nyumba ya mwanangu. Nitakwenda. Lakini nakaa mbele. Nyuma sikai tena. Nyuma kuna kuku, na kuku hawana habari."

"Mbele, mama. Wallahi mbele."

Wallahi yake naijua uzito wake. Usiku ule nilimwombea bibi kuliko nilivyoombea Idd yangu.

Na alimweka mbele kweli. Ila sikilizeni alivyomweka. Kumbe kwenye simu yake mambo yalikuwa yamebadilika, vya kizamani ndivyo vimekuwa vya kisasa. Mikeka, vinu, vyungu vya udongo, wenyewe wanaita asili. Mito yote ikaingia ndani. Kikaja kinu alichoazima, vikatandazwa vitanga, vile vikeka vya mviringo, na vikapu, na bibi akaketishwa katikati, kanga mpya begani, ukili mapajani, akageuziwa kwenye mwanga ili nembo zionekane. Uso uliokuwa unamharibia picha sasa ndio picha. "Mama, inua kidevu kidogo. Hapo hapo." Mwanamke yule alimtoa mama mkwe wake uani kama anavyotoa foronya kwenye kabati, kwa kuwa msimu wake umefika.

Mumewe alifika kutoka Kilambo, akashuka kwenye pikipiki, akamwona mama yake amekaa mlangoni kwake kama malkia. Akasimama. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Akamwambia mkewe mbele ya watu, "Mungu akulipe." Na jirani akainamisha macho, akayapokea. Mimi nilikuwa na sahani ya kaimati mkononi. Niliishika kwa nguvu.

Idd ikaisha, mume akarudi Kilambo. Kesho yake nilitoka mapema na fagio. Vikapu vilikuwa vimeshaondolewa. Kinu kimerudi kwa mwenyewe. Mito imetoka, foronya mpya, rangi ya mchele. Nikasimama pale njiani na fagio langu, najua moja kwa moja nitakwenda wapi, nitapita uani, nitamchukua kwa nguvu kama ni lazima, na anayetaka kunishtaki anishtaki.

Mlango ukafunguliwa. Jirani akatoka, amemshika bibi mkono. Akasogeza mito miwili, akaitupa upande, akamkalisha pale pale pembeni mwa mlango. Akauvuta nkeka ule uliochakaa, akamtandikia. Kisha akajishika kiuno, akaangalia njia kushoto na kulia, kama muuza duka aliyefungua.

Nikaelewa. Zile siku za Idd watu walikuwa wamesimama. Wanawake waliopita miaka yote wakasema "mashaallah" wakaenda zao, safari hii walikaa, kwa ajili ya bibi. Kile kibaraza tangu kianze kupambwa kilikuwa hakijapata kujaa, na yeye alikuwa amekionja kikiwa kimejaa. Hakumrudisha kwa huruma wala kwa Mungu. Alimrudisha kwa kuwa bibi anavuta watu kuliko foronya. Hiyo ni riya, kufanya jema ili uonekane, na riya ndiyo inayokula thawabu kama moto unavyokula makuti.

Siku moja jirani amekwenda sokoni nikamwambia bibi waziwazi. "Bibi, unajua huyu kakufanya pambo?"

"Najua."

"Na umeridhika?"

"Mwanangu, mimi nimechezwa unyago, nimepambwa mbele ya kijiji kizima, uso nimechanjwa ili nipendeze. Kupambwa nakujua. Aliyekuwa ananipamba wakati ule naye alikuwa anajipendezesha mwenyewe." Akanusa ugoro wake. "Wewe unataka aniweke hapa kwa moyo safi. Mimi nataka aniweke hapa."

Sikupenda jibu lile. Mpaka leo silipendi.

Juzi, baada ya alasiri, nilivuka na bakuli la mihogo ya nazi ya bibi. Kibaraza kimejaa wanawake, mmoja anasukwa nywele juu ya mto ambao mwaka juzi ungenyooshewa kidole. Jirani amesimama katikati, anang'aa.

"Msomi wa jioni huyo!" akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Si ulikuwa unasema kwangu hakai mtu? Hesabu sasa! Na huyu mama, wengine walidhani nitamtupa. Ni mimi niliyemchagulia pale pembeni, penye mwanga. Sema basi mwenyewe mbele za watu. Kimependeza au hakikupendeza?"

Wote wakanitazama. Habari yote nilikuwa nayo, nawaambieni. Nilikuwa na kuku, na ukuta wa tofali, na magoti ya mchangani, na Mungu akulipe ya mumewe aliyoipokea macho chini. Ilikuwa imepangwa mdomoni vizuri, neno na mwenzake. Lakini namjua. Nikimwaibisha pale, wale wanawake wakainuka wakaondoka, kabla ya magharibi bibi yuko nyuma ya jiko, kwa hasira tu, na mumewe yuko mbali.

Bibi alikuwa ameacha kusuka. Kichwa amekiinamisha upande wangu.

"Kimependeza," nikasema.

"Hawajasikia, shoga."

"Kimependeza sana."

Akapiga makofi, akacheka, akainama kumnyoosha bibi kanga begani kama anayenyoosha kona ya mto. Nikaliweka bakuli mapajani kwa bibi, nikamwambia angalia lina moto. Akanishika kiganja akakibana. Njiani mtu akasema, "Shikamoo bibi," na bibi akaniachia mkono, akageuka kule.

Nikavuka njia, nikarudi kwangu, nikatawadha upya.